Upepo wa Kuazima

Ngubane alipofika Msinga kuleta habari ya kifo cha Sikhumbuzo, alikula kwanza. Aliandaliwa ugali na maziwa ya mgando kwa sababu mgeni ni mgeni, akala akamaliza, akafuta midomo kwa leso, akaisifu hali ya hewa, ndipo akasema alichotumwa. Zibuyile, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyempakulia. Ule ugali hajamsamehe, na nani atamlaumu?

Mgodi ulikuwa umemtuma Ngubane kwa kuwa ni Mzulu mwenzao na anajua kuketi mkekani na kuinamisha kichwa. Alisema moyo wa Sikhumbuzo ulisimama akiwa kazini, chini kabisa ya ardhi, na kwamba hakuteseka. Mphikeleli, baba mdogo wa marehemu, akauliza kama si joto, maana kijana alikuwa akilalamika kwenye simu kwamba mahali anapotoboa mwamba pamegeuka tanuri.

"Joto lilipimwa, baba," Ngubane alisema kwa upole. "Nyuzi thelathini na mbili. Sasa thelathini na mbili ni kitu gani? Durban wakati wa Krismasi inafika hapo, na watu wamejilaza ufukweni, aiskrimu mkononi."

Baba mdogo alikubali kwa kichwa. Ni mtu wa kuheshimu namba. Zibuyile aliona uongo mahali fulani mle ndani lakini hakuweza kuushika mkia. Alikuwa anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, na alijua kuna joto linalokausha shuka na kuna joto linalomchemsha mfuaji. Ila hakuwa na maneno ya kumrushia mtu aliyevaa tai, na jambo hilo lilimuuma karibu kama msiba wenyewe.

Mwili uliletwa kwa gari la mgodi, kwenye jeneza zuri kuliko kitanda chochote alichowahi kulalia Sikhumbuzo, ukazikwa. Lakini mwili ni mwili tu. Mtu aliyekufa ugenini hufuatwa palepale alipoangukia, kwa tawi la mkunazi, aitwe kwa jina la ukoo, aambiwe twende nyumbani. Asipofuatwa, hubaki anazurura. Watu wa ukoo wa Mchunu wa nyumba ile walilijua hilo kwa machungu yao. Baba yao akina Zibuyile naye alifia mgodini, zamani, na wenye mgodi wakakataza mtu asishuke. Wazee wakamwitia chumba cha maiti. Hakuja. Tangu siku hiyo nyumba haikutulia: ng'ombe wakitupa mimba, watu wakiota mzee yuko gizani anaomba taa. Zibuyile aliapa kwamba Sikhumbuzo hataachwa vile, hata kama itabidi amchimbue kwa kucha.

Siku hizi migodi inaruhusu. Kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo, lakini zahanati ya mgodi ilimpima mapafu ikamkatalia. Vumbi alilolivuta ujana wake shimoni ndilo lililomzuia kurudi shimoni.

"Basi nitashuka mimi," alisema Zibuyile.

"Wewe, MaMchunu?" Ngubane alishtuka. "Mwanamke?"

"Huyo nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutambaa. Nitamleta tena."

Asubuhi ya kushuka walimvisha ovaroli, gambuti, kofia ngumu yenye taa. Walikuwa wanne: yeye na tawi lake, Ngubane, ofisa wa hewa wa mgodi ambaye ni Kaburu mnene aliyeitwa Terblanche, na Moeletsi, Msotho aliyekuwa akitoboa mwamba pamoja na Sikhumbuzo, ambaye alichaguliwa kuonyesha mahali penyewe. Moeletsi alimsalimia Zibuyile kwa kushika mikono yake miwili, akafungua kinywa, akamtazama Ngubane, akakifunga. Wafanyakazi wote waliokuwepo siku ile walikuwa wamekatazwa kuzungumza na familia mpaka uchunguzi uishe.

Terblanche alikulia shambani Vryheid, na Kizulu chake kilikuwa cha kuamrisha ng'ombe, lakini kilieleweka. Ilikuwa lazima awape wageni maelezo ya usalama, akayatoa kwa fahari. Alitoa chombo chake mkobani: vipimajoto viwili vimefungwa kwenye kifremu chenye mkono, ukikizungusha kinalia kama kayamba la mtoto.

"Hiki kikavu," alisema. "Kinasoma hewa. Hiki cha pili nimekivisha kitambaa, nakilowesha. Hiki ndicho mwili wako. Kitambaa kikikauka, kinapoa, namba inashuka. Na wewe jasho likikauka unapoa. Hewa ikijaa maji, kitambaa hakikauki. Hapo kibichi kinapanda, kinamfuata kikavu. Kikimfikia, jasho lako ni bure tu. Unachemka."

"Kikifika wapi mtu anachemka?" aliuliza Zibuyile.

"Kibichi kikisoma thelathini na mbili na nusu, natoa watu wote. Papo hapo. Sina ruhusa ya kufikiri."

Zibuyile aliganda. Huo ndio mkia alioutafuta tangu Msinga.

"Nyinyi mlituletea namba moja tu nyumbani," alimgeukia Ngubane. "Thelathini na mbili, ya Durban. Ile ilikuwa ya kikavu au ya kibichi?"

"MaMchunu, hayo ni mambo ya uchunguzi."

"Nimeuliza kikavu au kibichi."

"Tutachelewa kizimba cha kushukia," Ngubane alisema, akatangulia mlangoni.

Walishuka. Kizimba kilidondoka mpaka masikio yakaziba, wakapanda kigari cha reli, wakatembea, wakateremka ngazi, mwisho wakatambaa kwa magoti chini ya mwamba ulioshikiliwa na magogo. Njia nzima Zibuyile alijitayarisha kwa joto. Aligusa mwamba ukutani, ukamrudisha mkono kama sufuria. Akasema moyoni, sawa, nije nilionje ulilolionja.

Walipofika upande wa magharibi, alikokuwa akitoboa Sikhumbuzo, alisikia baridi.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye bomba la turubai jipya, la manjano, lililovimba kwa hewa. Maji ya baridi yalikuwa yamemwagwa mwambani mpaka unang'aa. Palifagiliwa. Mtu angeweza kutandika shuka pale akalala na kukoroma. Terblanche alizungusha kayamba lake, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa," Moeletsi alisema, akionyesha chini ya gogo la tatu.

Zibuyile alipiga magoti akalilaza tawi. Kwa desturi ya kwao, tawi likishagusa mahali pa kifo, mbebaji hazungumzi tena na mtu aliye hai. Huzungumza na marehemu peke yake, mpaka tawi lifike nyumbani. Akizungumza na mwingine, marehemu hudhani ameachwa.

"Mchunu! Macingwane!" aliita kwa majina ya ukoo. "Sikhumbuzo, mwana wa mama, ni mimi Zibuyile. Nimekuja kukuchukua."

Akangoja. Wazee walikuwa wamemwambia atajua: tawi litakuwa zito, au mwili utamsisimka. Hakusikia kitu ila upepo unampuliza shingoni. Aliita tena, akataja mababu mmoja mmoja. Tawi lilikuwa jepesi kama kijiti cha kuchokonolea meno.

Ndipo hasira ikampanda, ile ya ugali, ya namba na ya baba yake aliyebaki gizani, zote kwa pamoja.

"Sikhumbuzo," alisema kwa sauti, "wamenileta kwenye friji. Niambie, mwana wa mama, ulikufa kwa baridi?"

"MaMchunu, ndipo hapa hapa," alisema Ngubane nyuma yake. "Naapa kwa Mungu."

Hakumjibu. Hangeweza kumjibu hata kama angetaka, na hakutaka.

"Wewe unanijua, Sikhumbuzo. Sijui kusoma vyombo vya watu. Lakini ulinipigia simu ukasema jasho linakutoka mpaka unamwaga kwenye gambuti. Hapa nimeanza kupiga chafya. Kama hapa ndipo, wamepafanya nini? Na kama sipo, wamekuficha wapi?"

Ngubane alimgusa bega. "Dada yangu, tafadhali, nizungumze na wewe kidogo."

"Na kuna mtu ananigusa, Sikhumbuzo. Ni yule aliyekula ugali wa mama yako kabla ya kutuambia umekufa. Mwambie aondoe mkono."

Mkono uliondoka. Moeletsi alikuwa amechutama karibu na bomba, uso ameuinamisha. Kisha akavua kofia yake ngumu, akaiweka chini, akatambaa mpaka karibu na tawi.

"Mchunu," alisema, si kwa Zibuyile, kwa ule mwamba chini ya gogo. "Ni mimi, Moeletsi. Mwenzako. Wamenikataza nisiongee na watu wa kwenu. Hawakunikataza kuongea na wewe."

"Moeletsi," Ngubane alisema.

"Unakumbuka bomba letu lilivyochanika. Tulisema. Tukaambiwa jipya linakuja. Tukasema tena, tukaambiwa tumekuwa wanawake. Siku ile hapa hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Mashine zinatema maji, mwamba unayachemsha, tunapumua uji. Mkuu wa kikosi alizungusha chombo. Kavu thelathini na tatu, kibichi thelathini na mbili, kasoro nusu tu, wanafukuzana. Akapiga simu juu. Unajua walichojibu juu? Walisema bado haijafika. Malizeni matundu mliyoanza."

Zibuyile alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Ukaacha kutoka jasho," Moeletsi aliendelea. "Nikakwambia Mchunu kaa chini, ukacheka. Ukaniita Zibuyile. Ukasema, Zibuyile, sogea, nataka kuruka mtoni. Ukavua viatu, Mchunu. Ukajilaza hapa."

"Inatosha!" Ngubane alifoka. "Unajua unachokifanya? Unajua?"

"Bado kidogo, Mchunu. Dada yako anauliza kwa nini anasikia baridi. Upepo huu si wako. Juzi, waliposikia mgeni anashuka, walileta bomba jipya wakaliunga kwenye la wenzetu kina Nkosentsha, upande wa mashariki. Watu kumi na wawili wako kule saa hizi, wanatoboa, bomba lao limelala kama ngozi ya nyoka. Wamenyang'anywa upepo ili mgeni asitoe jasho."

Ngubane alianza kusema jambo kuhusu sheria za wageni, kwamba mgeni hajapimwa kama anahimili joto, kwamba mgodi haukuwa na nia mbaya, ulitaka tu familia ipumzike vizuri. Kwa kweli Kiswahili kina msemo kwa watu wa namna hii: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini Zibuyile hakuwa na haja ya msemo.

"Sikhumbuzo, umesikia? Nimepiga magoti pale ulipofia napulizwa na pumzi ya watoto wa wenzangu. Ningejua ningeikataa huko juu. Mwambie mwenzako airudishe."

Penye maungio ya mabomba mawili palikuwa na kizibo cha bati chenye kamba. Ukivuta kamba, upepo unageuka kwenda mashariki. Moeletsi aliishika.

"Ukigusa kamba hiyo," Ngubane alisema, "kazi huna."

"Mchunu, unamsikia?" Moeletsi aliuliza mwamba, akavuta.

Bomba la manjano lilikohoa, likanywea, likaanguka chini. Mbali, upande wa mashariki, wakasikia watu wanapiga mbinja kwa kupata upepo.

"Tunatoka," alisema Terblanche. "Sasa hivi."

Zibuyile alikaa kitako, tawi mapajani. "Mimi sitoki, Sikhumbuzo. Bado hujaja. Anayetaka kuniburura, aniburure na wewe."

Terblanche alilitazama lile tawi. Mtu aliyekulia Vryheid analijua, hata akiwa Kaburu, na anajua habari za wazungu waliocheza nalo na yaliyowapata. Hakuusogeza mkono. Alifunga mfereji wa maji ya baridi kama Moeletsi alivyomwonyesha kwa kidole, bila kujua kwa nini anatii, kisha akalowesha kitambaa na kuanza kuzungusha kayamba. Hiyo ndiyo kazi yake: upepo ukikatika, pima.

Joto halikuja mbio. Lilianza chini, kwenye mapaja, likitoka mwambani kama mtu anayeamka. Maji yaliyomwagwa kupapendezesha mahali ndiyo yaliyogeuka mvuke. Miwani ya Ngubane ilijaa ukungu, akaivua, akaifuta, ikajaa tena. Jasho lilimtoka Zibuyile chini ya matiti, mgongoni, kwenye kope, na lilipomtoka lilibaki, likamvaa. Alipumua akahisi anavuta blanketi lililolowa.

"Kavu thelathini na moja, kibichi ishirini na tisa," alisoma Terblanche. Akazungusha tena. "Thelathini na mbili. Thelathini na moja."

Moyo ulimdunda Zibuyile masikioni. Alitaka kuvua viatu. Fikira hiyo ilipomjia, alishtuka, maana haikuonekana kuwa yake. Akaweka kiganja juu ya tawi, likawa zito, na mwiba ukamchoma.

"Hapa sawa," alisema taratibu. "Sasa wamenileta. Pole, mwana wa mama. Sogea basi, tuko wote."

Moeletsi alianza kulia, waziwazi, kama mtoto aliyechapwa bila kosa. Kayamba lililia, likanyamaza. Terblanche alikisogeza chombo karibu na taa yake, akasoma mara mbili.

"Kavu thelathini na tatu. Kibichi thelathini na mbili na nusu." Akainua kichwa. "Nje. Wote nje."

Ngubane hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwisha kuipita nguzo ya kwanza kwa mikono na magoti, mbio kuliko heshima yake, kofia ikigonga mwamba.

Zibuyile hakuinuka. Aliinua tawi mpaka usawa wa uso wake, na alipozungumza hakupaza sauti.

"Sikhumbuzo, umesikia? Anasema nje. Hizi ndizo nyuzi za Durban, mwana wa mama, na yule mwenye aiskrimu anakimbia kama amechomwa moto. Tumekaa kidogo tu, hatukutoboa hata tundu, na kayamba limesema nje, na watu wanatoka. Siku ile lilisema hivyo hivyo, kasoro pumzi moja. Nani alikuambia nje?"

Terblanche alikuwa amesimama ameinama, chombo mkononi, uso umemwiva. Angeweza kusema kitu. Alikuwa anajua Kizulu cha kutosha. Alitazama pembeni.

"Hakuna," alisema Zibuyile. "Basi mimi nakuambia. Nje, Sikhumbuzo. Inuka, vaa viatu vyako. Mimi dada yako nakuambia: nje."

Akaanza kutambaa, tawi kifuani. Njia nzima alimwelezea marehemu: hapa ngazi, inamisha kichwa, hapa kizimba, usiogope kinavyopiga kelele, hilo sasa ni jua. Getini Moeletsi alivuliwa taa na kadi yake mbele ya watu. Zibuyile alipita karibu naye bila kumtazama, kwa kuwa haruhusiwi, lakini alimwambia Sikhumbuzo kwa sauti ya kusikika getini pote, "Mwenzako amefukuzwa kwa ajili yetu. Jina lake tusilisahau, na kwao Maseru tutafika." Kwenye basi alilipa viti viwili. Utingo alitaka kumweka abiria kwenye kile kitupu, akaliona tawi, akaomba radhi, na kituo cha kwanza akanunua soda akaiweka juu ya kiti.

Msinga, tawi lililazwa kaburini, likafunikwa kwa mawe, mbuzi akachinjwa. Usiku ule hakuna aliyeota mtu gizani. Asubuhi baba mdogo alimletea Zibuyile maji ya kunawa na kumwambia kwamba sasa kinywa chake kimefunguliwa, anaweza kuzungumza na watu.

Wote walidhani atalia. Zibuyile alinawa, akakausha mikono kwa kanga ya mama yake, akauliza uchunguzi unakaa lini.

"Jumatatu," alisema baba mdogo. "Lakini mwanangu, tumeshampata. Si amelala?"

"Yeye amelala. Mimi nakwenda na Moeletsi. Nitawauliza walio hai ni nani alishika ile simu huko juu."

"Mgodi hautakubali yafike huko. Watamtuma Ngubane tena, aje kutubembeleza."

"Aje," alisema Zibuyile. "Ila safari hii atasema kwanza, ndipo ale."